Mhogo uliopoteza namba yake: Amani, maktaba na data za utafiti

Kusini mwa Tanzania kuna mhogo unaitwa Namikonga. Pwani ya Kenya kuna mhogo unaitwa Kaleso. Ukiwauliza wakulima wa pande hizo mbili, kila mmoja atakwambia huo ni mhogo wa kwao, wa tangu zamani. Lakini katika kumbukumbu za kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga, mhogo huo hauna jina la Kimakonde wala la Kigiriama. Una namba tu: 46106/27.

Ni mhogo mmoja. Ulizaliwa kwa mikono ya watafiti, ukatoka kituoni, ukapita shamba kwa shamba kwa njia ya vipando, ukapewa majina mapya, na namba yake ikasahaulika. Miaka mingi baadaye wanasayansi waliokuwa wakihangaika na ugonjwa wa michirizi ya kahawia waliuona, wakashangaa: mbona huu haufi kama mingine? Jibu lilikuwa limeandikwa tayari. Lakini ili ulipate, ilibidi mtu awe ametunza makaratasi.

Makala hii inahusu kutunza makaratasi. Najua, mada ya "usimamizi wa data za utafiti na nafasi ya maktaba za vyuo" inasikika kama semina ya Jumatatu asubuhi yenye chai na mandazi. Vumilia kidogo. Tukipitia historia ya Amani utaona kwamba suala lenyewe ni njaa na shibe, na ni suala la wewe uliyeacha data zako zote za shahada kwenye flashi moja.

Kituo mlimani

Wajerumani walianzisha Amani mwaka 1902, wakakiita Taasisi ya Biolojia na Kilimo. Mkurugenzi wa kwanza alikuwa Franz Stuhlmann. Mfano waliouiga ni bustani maarufu ya mimea ya Buitenzorg kule Java, ambayo leo ni Bogor, Indonesia. Mtaalamu wa mimea Albrecht Zimmermann, aliyekuja kuwa mkurugenzi baadaye, alitokea hukohuko Java.

Wazo lilikuwa rahisi na la kikoloni waziwazi: leta mimea kutoka kila kona ya tropiki, ipande, ipime, uone ipi itawaingizia pesa walowezi. Mkonge ulikuwa umeshaingia Tanganyika mwaka 1893, pale Richard Hindorf alipoagiza vipando kutoka Florida. Vilivyofika vikiwa hai vilikuwa 62 tu, vikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Amani ilitakiwa kufanya jambo hilo kwa utaratibu, si kwa bahati nasibu.

Sasa, utaratibu maana yake ni maandishi. Mti ukifika kutoka Brazili au Sri Lanka unahitaji namba, tarehe, mahali ulikotoka na mahali ulipopandwa. Jani likikaushwa na kubandikwa kwenye karatasi linahitaji lebo. Mvua ikinyesha lazima mtu aende akapime, aandike. Kwa hiyo Amani haikuwa bustani na maabara peke yake. Ilikuwa pia na maktaba, hebaria ya mimea mikavu, na jarida lake, *Der Pflanzer*, lililoanza kutoka mwaka 1905.

Katika jarida hilo, mwaka 1906, Zimmermann aliandika kuhusu ugonjwa unaokunja majani ya mhogo. Miaka 12 kabla yake, mwaka 1894, Mjerumani mwingine, Otto Warburg, alikuwa ameshauandika ugonjwa huohuo kutoka Usambara. Ndio ugonjwa tunaouita batobato. Hiyo taarifa ya mwaka 1894 ndiyo ya kwanza kabisa kuandikwa duniani kuhusu batobato ya mhogo, na kila mtafiti wa mhogo leo, awe Kampala, Ibadan au London, huanza historia yake hapo: Usambara, 1894. Kilichowezesha hilo si ukubwa wa ugunduzi. Ni kwamba liliandikwa, likachapishwa, likawekwa mahali ambapo mtu mwingine angelipata.

Mti wa mpira ulioshindwa

Miongoni mwa mimea iliyoletwa na Wajerumani ulikuwemo mpira wa Ceará, *Manihot glaziovii*. Huu ni ndugu wa mhogo, ila hukua ukawa mti, na utomvu wake hutoa mpira. Ulipandwa kwa wingi mashamba ya Tanga na Muheza, na kwa miaka michache watu walipata pesa. Halafu mpira wa Asia ya Kusini-Mashariki ukafurika sokoni, bei ikaporomoka mwaka 1913, na mashamba mengi yakabaki vichaka. Kiuchumi, mti ule ulishindwa.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walichukua kituo. Kwa muda walikiacha kizorote, kisha wakakifufua, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1920 Amani ilikuwa Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Afrika Mashariki. Hapo ndipo anaingia H. H. Storey, mtaalamu wa magonjwa ya virusi vya mimea. Mwaka 1936 aliandika kwa mara ya kwanza kuhusu ugonjwa wa mhogo ambao si batobato. Huu unaharibu mizizi. Juu mmea unaweza kuonekana uko salama salimini, ukichimba unakuta mhogo una madoa ya kahawia, mkavu na mgumu kama gamba, haufai kwa futari wala kwa unga. Ndio michirizi ya kahawia. Kwa mkulima wa mwambao, anayeacha mhogo ardhini kama akiba ya njaa, huu ni wizi wa kimyakimya: unakuja kugundua siku unayohitaji chakula.

Hakuna dawa ya kupuliza inayoponya virusi vya mmea. Njia iliyopo ni kupata mhogo wenye ukinzani. Storey na wenzake walijaribu mihogo ya kawaida, hawakuridhika. Ndipo wakaugeukia ule mti wa mpira ulioshindwa. Walichavusha mhogo kwa *Manihot glaziovii*, wakapata chotara. Chotara wa kwanza aliuhimili ugonjwa vizuri, lakini mizizi yake haikuwa ya kula. Basi wakamrudishia kwenye mhogo, kisha wakarudishia tena, na tena, kizazi baada ya kizazi, wakichagua wachache waliobeba ukinzani wa mti na mizizi ya mhogo. Baada ya Storey kazi iliendelea chini ya R. F. W. Nichols, halafu D. L. Jennings.

Hebu fikiria kazi hiyo bila daftari. Una miche mingi sana shambani, yote inafanana. Kilichotofautisha mche mmoja na mwenzake ni wazazi wake, na wazazi hawaonekani kwa macho. Ukipoteza rejesta, huna tena chotara wa vizazi vitatu. Una shamba la mhogo tu. Ndio maana kila mche ulipewa namba. 46106/27 ni mmoja wao. 5318/34 ni mwingine.

Namba mbili, safari mbili

Mradi wa kuzalisha mihogo Amani ulifungwa mwaka 1957. Hizo namba mbili zilipata bahati tofauti, na tofauti yenyewe ndiyo somo letu.

Mbegu za 5318/34 zilipelekwa Nigeria katikati ya miaka ya 1950, zikapokelewa na kituo cha utafiti cha Ibadan. Huko kulikuwa na watu wa kuandika upande wa pili. Kutoka kwenye mbegu hizo ulichaguliwa mhogo uliopewa namba 58308. Taasisi ya kimataifa ya IITA ilipoanzishwa Ibadan mwaka 1967, na wazalishaji wake wa mbegu walipotafuta ukinzani wa batobato miaka ya 1970, waliukuta 58308 ukiwa na historia yake mkononi: unatokea wapi, wazazi wake ni nani, umepimwa vipi. Wakauchanganya na mingine, wakapata mihogo ya TMS. Batobato kali ilipoifagia Uganda kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, mashamba yakafa na watu wakakosa chakula, mihogo ya TMS ilikuwa sehemu ya jibu. TMS 30572, kwa mfano, ndio ulioitwa huko Nase 3. Kazi iliyoanzia kwenye mti wa mpira wa Muheza ilirudi Afrika Mashariki kupitia Nigeria, ikiwa na vitambulisho vyake.

46106/27 haukuwa na bahati hiyo. Ulitoka mikononi mwa watafiti, ukaingia mikononi mwa wakulima. Tuwe wakweli: wakulima ndio walioutunza, na bila wao tusingekuwa nao leo. Mhogo haupandwi kwa mbegu bali kwa pingili, kwa hiyo kila pingili ni nakala kamili ya mama yake. Walipanda, wakagawiana, wakaupa majina. Walichokihifadhi ni mmea wenyewe. Kilichopotea njiani ni maelezo: wazazi wake, majaribio yaliyofanyika, na kwa nini ulichaguliwa.

Michirizi ya kahawia iliporudi kwa nguvu, tatizo likawa kubwa kuliko mwambao, likapanda hadi kanda ya ziwa na Uganda. Watafiti walianza kutafuta mhogo wenye ukinzani kana kwamba wanaanza mwanzo. Namikonga ukajitokeza. Mwaka 2003 Rory Hillocks na D. L. Jennings walichapisha mapitio ya yale yaliyojulikana kuhusu ugonjwa huo. Jennings ni yuleyule wa Amani. Alikuwepo, na alikumbuka. Mapitio hayo yaliunganisha kazi ya Amani na mihogo iliyokuwa bado mashambani, na tafiti za vinasaba zikaonyesha kwamba Namikonga na Kaleso ni kitu kimoja. Mwaka 2016 timu iliyosoma jenomu za mihogo mingi na ndugu zake ilichapisha kwenye *Nature Biotechnology* ushahidi kwamba vipande vya *Manihot glaziovii* bado vimo ndani ya mihogo inayolimwa, alama ya chavua iliyopakwa Amani miaka ya 1930. Namikonga ikawa mzazi kwenye tafiti za kusaka jeni za ukinzani, ikiwemo ile iliyoichanganya na mhogo uitwao Albert.

Safari ya kwanza iliongozwa na rekodi. Ya pili ilitegemea kumbukumbu ya mzee mmoja, jarida la zamani na mashine za kusoma DNA. Zote zilifika. Ila ya pili ilichelewa karibu nusu karne, na miaka hiyo watu walikuwa wakichimba mihogo iliyooza.

Nakala iliyookoa nakala

Watu wa maktaba wana kauli yao: kitu chenye nakala moja hakijahifadhiwa. Amani inatupa mfano mzuri wa kusikitisha.

Wataalamu wa mimea wa Kijerumani, kama Karl Braun aliyefanya kazi Amani kuanzia 1904 hadi 1920, walikusanya mimea ya Usambara na mwambao. Desturi ilikuwa kukausha zaidi ya tawi moja la mmea uleule: moja libaki, jingine liende hebaria kubwa ya Berlin. Berlin ndiyo ilikuwa makao makuu ya elimu ya mimea ya Kiafrika kwa Wajerumani. Spishi mpya zilipewa majina kutokana na matawi yaliyokuwa kule.

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 mabomu yaliangukia Berlin na hebaria ikaungua. Sehemu kubwa sana ya makusanyo iliteketea, yakiwemo matawi ya kwanza ya spishi nyingi za Tanganyika. Ghafla, yale "mabaki" yaliyoachwa huku kwetu yakawa na thamani kuliko yaliyopelekwa ulaya. Matawi ya enzi za Amani yalihamishiwa Nairobi mwaka 1950 pamoja na mtaalamu wao P. J. Greenway, yakawa msingi wa Hebaria ya Afrika Mashariki, ambayo ipo hadi leo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mtaalamu anayetaka kuhakiki mmea uliokusanywa Usambara kabla ya 1914, mara nyingi ataelekezwa Nairobi.

Kuna pande mbili hapo. Upande wa kwanza: nakala ziliokoa sayansi. Upande wa pili: mwanafunzi wa Tanga anayetaka kuona mmea uliochumwa kilomita chache kutoka nyumbani kwao anahitaji nauli ya kwenda nchi nyingine. Kuhifadhi na kufikika ni mambo mawili tofauti, na mpango mzuri wa data lazima ujibu yote mawili.

Mambo madogo yanayogeuka kuwa makubwa

Huyohuyo Greenway aliacha vitu viwili vinavyofaa kutajwa. Cha kwanza ni kamusi yake ya majina ya mimea ya Kiswahili, iliyotoka kwa toleo la pili mwaka 1940. Mpaka leo, ukitaka kujua mmea alioambiwa na mwenyeji wa Handeni au Lushoto ni mmea gani kisayansi, unaanzia humo. Cha pili hakijulikani sana: ripoti ya mwaka 1934, iliyopigwa taipu tu wala haikuchapishwa, inayoorodhesha mimea ya kienyeji na ya kigeni iliyokuwa ikikua Amani.

Nani angehitaji orodha ya miti ya mwaka 1934? Mwaka 2008 Wayne Dawson na wenzake, akiwemo mtafiti Mtanzania Ahmed Mndolwa, walichapisha utafiti kuhusu mimea vamizi katika Bustani ya Mimea ya Amani. Swali lao lilikuwa: katika mimea yote ya kigeni iliyoletwa, ni ipi imetoroka bustani na kuingia msituni? Walikuta spishi za kigeni zaidi ya 200 ambazo bado ziko hai. Sasa, huwezi kujua ipi imetoroka kama hujui ilipandwa wapi. Rekodi za upandaji zilizotengenezwa kwa ajili ya kutafuta faida ya kikoloni ziligeuka chombo cha kulinda msitu wa Usambara. Waliopanda hawakuwa na wazo hilo hata kidogo.

Au chukua mvua. Kipimo cha mvua Amani kina historia ndefu kuliko vingi nchini. Kila asubuhi mtu alitembea, akasoma, akaandika namba. Kazi ya kuchosha, isiyo na sifa. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1980, ukataji wa msitu wa Usambara Mashariki ulipozua mjadala mkali, na watu wakauliza kama hali ya hewa imebadilika, Alan Hamilton na wenzake walirudi kwenye rekodi za vituo vya zamani kutafuta ushahidi, na matokeo yakaingia kwenye kitabu cha IUCN cha mwaka 1989. Huwezi kurudi nyuma ukapime mvua ya mwaka 1925. Ama ilipimwa ikatunzwa, ama haipo.

Na kuna Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa Amani. Mwaka 1935 alitoa wazo la katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo: kwamba udongo wa juu ya kilima, wa mteremkoni na wa mbugani ni pete za mnyororo mmoja, na ukijua mteremko unaweza kutabiri udongo. Wanafunzi wa jiografia wanalisoma duniani kote. Kati ya Desemba 1935 na Februari 1936 alisafiri sehemu nyingi za Tanganyika akiandika alichokiona. Alifariki mwaka 1942 kabla shajara hiyo haijachapishwa. Ilikuja kutoka mwaka 1947 kwenye *Journal of Ecology*, kwa sababu kuna watu waliona makaratasi ya marehemu si takataka. Jiulize: mtu akifungua laptopu yako leo bila wewe kuwepo, ataelewa nini? Ataona "final", "final_2" na "final_mpya_kabisa".

Kituo kinapobadilisha mwenye nyumba

Amani ilibadilisha wenyewe mara nyingi. Wajerumani, Waingereza, mamlaka ya pamoja ya Afrika Mashariki, kisha Tanzania. Utafiti wa kilimo ulihamia Muguga, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1940, na majengo ya Amani yakachukuliwa na watafiti wa malaria chini ya D. Bagster Wilson, ambaye miaka ya 1930 alikuwa ameongoza Kitengo cha Malaria mjini Tanga. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kituo kikabaki upande wa Tanzania, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ikakirithi. Leo shughuli kuu za kituo hicho ziko Muheza, na kule mlimani maktaba bado ina vitabu na majarida ya tangu enzi za Wajerumani.

Kila uhamisho wa namna hiyo ni hatari kwa data kuliko mchwa. Mchwa hula ukurasa. Uhamisho unaondoa mtu aliyejua kabati lipi lina nini.

Upande wa malaria nao una hazina. Kati ya 1954 na 1959 watafiti wa Amani waliendesha mradi wa Pare–Taveta, wakipuliza nyumba dawa ya dieldrin pande zote za mpaka wa Tanganyika na Kenya na kupima nini kinatokea kwa mbu na kwa afya za watu. Ripoti yake ilitoka mwaka 1960. Leo, mtu anapotaka kujua malaria ya kaskazini-mashariki ilikuwaje kabla ya vyandarua vyenye dawa, ripoti kama hizo ni dirisha. Mwaka 2011 watafiti wa Tanzania na Denmark walichapisha kwenye *Malaria Journal* hesabu za mbu walionaswa kwa miaka zaidi ya 10 katika vijiji vya kaskazini-mashariki mwa nchi: mbu wa malaria walikuwa wamepungua kupita kiasi, ingawa vijiji hivyo havikuwa na mpango rasmi wa kuwadhibiti. Swali zito likazuka: je, sifa yote ya kupungua kwa malaria ni ya vyandarua na dawa? Swali hilo lisingewezekana kuulizwa kama hesabu za mbu za kila mwaka zingetupwa mara ripoti ilipokwisha.

Kwa nini maktaba, si ofisi nyingine?

Msomaji anaweza kuuliza: kazi hii si ya watu wa kompyuta? Ya kompyuta ni sehemu ndogo. Ukitazama mifano yote hapo juu utaona mambo manne yanajirudia: kitambulisho kisichobadilika (46106/27), maelezo ya kutosha kumwezesha mgeni kuelewa, nakala zaidi ya moja mahali tofauti, na mtu mwenye jukumu la kutunza hata mradi ukifa. Hayo manne ni kazi ya ukutubi, ya tangu zamani. Mkutubi ndiye aliyekuwa akitoa namba ya kitabu, akiandika kadi, akijua kipo rafu gani na nani amekiazima. Mradi huisha baada ya miaka mitatu. Mtafiti huhama. Maktaba ya chuo hukaa.

Mwaka 2016 wanasayansi walichapisha kanuni nne ambazo sasa wafadhili wengi wanazidai: data ziweze kupatikana, kufikiwa, kuoana na nyingine, na kutumika tena. Zinaonekana mpya. Greenway na rejesta za Amani walikuwa tayari wamezifanyia kazi kwa kalamu na gundi, hata kama hawakuwa na jina lake.

Tanzania ina pa kuanzia. Maktaba ya Taifa ya Kilimo ya Sokoine, iliyoko SUA Morogoro, ilipewa hadhi hiyo kisheria mwaka 1991, na vyuo vikuu kadhaa vina hazina za kidijitali zinazoweka tasnifu mtandaoni. Tatizo ni kwamba hazina hizo kwa kiasi kikubwa zinapokea PDF. Tasnifu inaingia, data zinabaki kwa mwanafunzi. Tunahifadhi hadithi ya mhogo, tunatupa rejesta ya miche.

Maktaba inaweza kufanya zaidi bila miujiza. Inaweza kumtaka mwanafunzi aweke jedwali la data pamoja na ukurasa mmoja unaoeleza kila safu ni nini, kipimo gani kilitumika, wapi na lini. Inaweza kutoa namba ya kudumu ya kila seti ya data ili mwenyewe anukuliwe na kusifiwa. Inaweza kuhifadhi kwa mfumo rahisi unaofunguka hata programu ikibadilika. Na inaweza kukataa kufungua kila kitu kwa kila mtu. Data za wagonjwa na za kaya si za kumwaga hadharani. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na ridhaa ya mshiriki ni ahadi. Kutunza vizuri ni pamoja na kujua mlango upi ufungwe.

Wasioandikwa

Linabaki jambo moja ambalo historia ya Amani hairuhusu tulikwepe. Tazama majina yaliyojaa humu: Zimmermann, Storey, Milne, Greenway. Aliyepanda kilele cha mti kuchuma tawi, aliyeamka alfajiri kusoma kipimo cha mvua, aliyepaka chavua kwenye ua la mhogo, aliyemwambia Greenway kwamba mmea huu unaitwa hivi, mara nyingi hana jina kwenye lebo. Rejesta ilikuwa na safu ya mti, safu ya tarehe na safu ya mahali. Safu yake haikuchorwa. Hilo nalo ni uamuzi wa usimamizi wa data: ukichagua safu, umechagua nani atakumbukwa.

Safu hiyo tunaweza kuichora sisi. Aliyekuongoza kijijini, aliyekutafsiria Kisambaa au Kibondei, fundi wa maabara aliyekaa usiku: waulize kama wanataka majina yao yaandikwe, na wakikubali, yaandike ndani ya data zenyewe, maana ukurasa wa shukrani hakuna anayeusoma. Halafu zipeleke maktaba kabla hujakabidhi tasnifu, wakati bado unakumbuka safu ya "X3" ilimaanisha nini. Kuna mhogo mwingine shambani kwa mtu sasa hivi ambao siku moja utatafutwa, na huenda namba yake iko kwenye flashi yako.